Ubwabwa wa Shukrani kwa Taya la Leokadia

Nilipanda milima ya Mgeta kwa sababu ya taya la mtu. Leokadia, mama mkulima wa kabichi, alikuwa amefanyiwa upasuaji Dar es Salaam kuondoa uvimbe wa taya wa aina adimu. Uvimbe ule hauna haraka ya kuua, ila ni mkaidi. Ukibaki hata kidogo unaota tena, polepole na bila maumivu, mpaka mtu anakuja kushtuka mfupa umeshaliwa. Ndiyo maana mgonjwa wake huangaliwa miaka na miaka. Leokadia alikuja kliniki yetu Morogoro, akaja tena, kisha kimya. Mimi ndiye muuguzi niliyekabidhiwa wagonjwa wa namna hiyo, na kimya cha mgonjwa hunikera kuliko kelele zake. Nikaomba ruhusa, nikatia tochi na glavu mkobani, nikaondoka.

Asubuhi, Morogoro mjini. Nilipata lori karibu na soko. Biashara ilikuwa imeshaachiwa huru, na kila mwenye lori alikuwa anakimbilia milimani kuchukua mboga za kupeleka Dar. Dereva, Saidi, alikuwa fundi wa kiwanda cha nguo mpaka kilipofungwa.

"Sasa nabeba karoti, sista," aliniambia. "Karoti haina meneja."

Alisema kwa kucheka.

Mlali tulisimama kuongeza maji kwenye rejeta. Kutoka pale barabara inaanza kupanda na kujikunja, na baridi inakuingia kwenye mifupa. Mimi mtu wa bondeni nilikuwa nimevaa blauzi nyepesi, najifanya shujaa. Saidi alinitupia koti lake lenye harufu ya vitunguu, nikalivaa bila ubishi.

Mchana, Mgeta. Niliteremka penye kupakilia mboga, nikapanda njia ya miguu katikati ya matuta ya kabichi, nikihema, kina mama wenye mizigo kichwani wakinipita na kunipa pole. Nyumbani kwa Leokadia nilimkuta mumewe, Alois. Nikamweleza kilichonileta.

"Mimi sina neno, sista," alisema. "Lakini hapa mimi nimeoa tu. Shamba ni la kwao, watoto ni wa ukoo wao. Kazungumze na mjomba wake."

Nilitaka kumwambia kwamba taya ni la mkewe, si la mjomba. Nikameza maneno, nikamfuata huyo mjomba.

Mjomba, Mzee Mkude, alikuwa barazani kwake akipukuchua maharage. Leokadia aliitwa, akaja kukaa mkekani, kanga ameivuta mpaka shavuni.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Karibu ukae."

Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema taratibu, "Safari ile ya pili mlimwambia picha ni safi. Tukasomesha misa, tukachinja mbuzi, tukapika ubwabwa. Kilima kizima kilikula. Katika ukoo wetu, ugonjwa ukishashukuriwa hautajwi tena. Nikimrudisha kwenu, ni kama ninamwambia Mungu kwamba shukrani ile ilikuwa ya uongo."

Hasira ilinipanda, sifichi. Lakini mzee hakuwa na ubaya wowote, na kugombana naye kungeniteremsha mlima peke yangu.

"Basi sitautaja, mzee," nikasema. "Niruhusu nimtazame meno tu."

Alitabasamu kidogo, akaitikia kwa kichwa.

Nilimgeuza Leokadia kwenye mwanga, nikawasha tochi, nikapitisha kidole kwenye ufizi. Nyuma ya kovu kidole kilikutana na kitu kigumu, kama punje ya harage.

"Panauma?"

"Hapaumi."

"Umekijua tangu lini?"

Alimtazama mjomba wake, akainama. "Tangu tulipovuna mahindi. Kila nikilala nakigusa kwa ulimi."

"Mbona hukusema?"

"Ningesemaje, sista? Kila ninayekutana naye njiani ananiambia ubwabwa wangu ulikuwa mtamu."

Akalia kimya kimya, uso ndani ya kanga. Nilimwonea huruma mno. Miezi yote hiyo alikuwa amekaa peke yake na kile kipunje, kwa kuwaonea watu haya.

Nikamgeukia mzee nikamwambia wazi. Kikiondolewa sasa, watakwangua mfupa kidogo tu. Kikiachwa, watakata taya upande mzima, na Leokadia hatatafuna wala kutamka maneno sawasawa tena.

Mzee Mkude aliacha maharage yake.

"Na kikishatoka, mtamwangalia tena?"

"Tena na tena, mzee. Miaka mingi."

"Na kila mkimwona salama, atarudi nyumbani?"

"Atarudi."

"Basi kosa letu ni kupika mara moja tukadhani tumemaliza. Atakuwa anakwenda, na kila akirudi salama tutapika. Si lazima mbuzi." Akamgeukia Leokadia. "Kafunge nguo zako, mwanangu."

Kesho yake, njia ya kurudi. Leokadia alikaa kati yangu na Saidi, na Alois juu ya kabichi. Leokadia alikuwa na hofu, aliniambia hivyo hivyo, na alinishika mkono mpaka Mlali. Dar walimfanyia upasuaji mdogo, na taya lake analo mpaka leo.

Safari ile ilinifundisha kwamba tarehe ya kliniki hushikwa vizuri ikiwa mikononi mwa watu wanaoishi na mgonjwa. Siku hizi jamaa wa mgonjwa wakiniuliza kama wafanye shukrani, nawaambia wafanye, na wajiandae kufanya tena.

Msimu uliopita Leokadia alitaka kuahirisha kliniki, eti kabichi zimekomaa. Saidi ndiye aliyenisimulia. Majirani walimfuata shambani, wakamnyang'anya jembe, wakampandisha lorini wenyewe. Maharage ya shukrani walikuwa wameshaloweka.