Taa ya Jeep ku Kona ya Kalembe

Symphorien ni mutu wa Itebero, wa sauti ya chini, baba ya watoto ine. Kazi yake ni kubeba mabido, mitungi ya plastiki, yenye kujaa mafuta nyekundu ya ngazi, ya mawese, ku velo, baiskeli yake, kutoka pori mpaka soko ya Kalembe. Velo yenyewe haina frein ya kuisimamisha. Za wengi ku ile barabara iko vile: ukishuka mulima, unakandamiza kandambili ya pneu ku gurudumu ya nyuma, inalia, inashika.

Siku ile mvua ilikuwa imenyesha. Mimi nilikuwa natembea nyuma yake, mbali, na miguu yangu ya uzee. Nilisikia kandambili inalia, kisha hailie tena. Kisha nikasikia kioo.

Nilipofika ku kona, taa ya nyuma ya jeep moja yenye ilikuwa imekufa pale ilikuwa vipande, mafuta nyekundu ya bido inatiririka mu matope. Symphorien alisimama mikono ku kichwa. Chauffeur, Papa Léopold, alikuwa amekwisha kushika velo kwa guidon, ku usukani.

— Papa, samahani. Assurance ya gari, bima yake, si italipa taa?

— Assurance yangu inalipa mutu mwenye mimi nagonga. Wewe njo umenigonga! Velo yako iko na assurance? Ao Bwana Yesu njo assureur yako? Twende Masisi ku polisi, wewe na velo.

Ku Masisi Symphorien hakujua mutu. Aliniambia baadaye kama pale alikuwa anajiona tayari amefungwa mu cachot, velo inaota kutu mu kiwanja ya polisi, na bibi yake anauliza wapita njia habari yake. Akainama, akaanza kufungua kamba za mabido.

Mama Pétronille, mwenye kuuza ndizi pale kona, naye alikuwa anaogopa. Lakini akasema:

— Papa chauffeur, matawi yako ilikuwa wapi?

Gari ikikufa ku ile barabara, unakata matawi, unapanga mbali nyuma yake, mwenye kushuka aone.

— Si yale pale! Uko kipofu?

Kweli, matawi ilikuwapo. Mimi mwenyewe nilikuwa nimeiruka bila kufikiri.

— Yale ulikata kiisha kugongwa, akasema Mama Pétronille. Nilikuona na panga. Papa muzee, inua moja.

Niliinua. Alama ya velo ilikuwa mu matope, chini ya majani, na majani haikukanyagwa hata kidogo.

Papa Léopold akaachilia guidon. Gari ilikuwa ya patron, bosi wake, na sasa kosa ilikuwa ya chauffeur. Sasa njo yeye alianza kuogopa.

— Chukua velo yako, akasema polepole. Taa nitajua mwenyewe.

Symphorien hakuaga mutu. Mpaka leo, ikiwa kavu ao matope, anashuka ku velo mbele ya kila kona, anasimama, anasikiliza, kisha anasukuma.