Viatu vya Mlevi wa Katuni

Juzi nilikuwa kwenye duka la kupiga chapa hapa Morogoro mjini, nikisubiri mitihani ya wanafunzi wangu wa darasa la nne ichapwe, mchoraji alipomletea mwenye gazeti la katuni kurasa za wiki. Mwenye gazeti akaweka kidole kwenye miguu ya yule mlevi tunayemcheka sote.

"Viatu vya nini?"

"Mitumba imejaa sokoni, bosi. Na yeye kanunua."

"Huyu anatembea pekupeku miaka yote! Wasomaji hawatamtambua. Futa, au natafuta mchoraji mwingine."

"Mimi ndiye niliyemzaa."

"Na mimi ndiye ninayemlea."

"Basi mvue mwenyewe." Mchoraji akakusanya penseli zake, akatoka.

Bosi akachukua wino mweupe, akatoa ulimi kama mtoto anayejifunza kuandika, akafuta viatu vyote. Kuchora vidole vya miguu kukamshinda.

Siku hizi bei ziko huru, mabasi yako huru, hata magazeti yako huru. Miguu ya mlevi tu ndiyo inayohitaji ulinzi. Na imelindwa kweli. Gazeti limetoka jana, mlevi wetu anaelea hewani, hana viatu wala nyayo. Hongera, bosi: sasa hakuna atakayeweza kumvisha tena.