Msimu Ambao Baba Aliombea Timu Yake Isishinde

Juzi nilikuwa natia wanga kofia ya mume wangu. Nilipoivika juu ya bakuli lililofudikizwa ili ikauke na umbo lake, ile harufu ya unga uliochemshwa ikanipanda puani, na mara nikawa nimerudi sebuleni kwetu Nizwa, huko Omani, nina miaka tisa, nimekaa chini kwenye zulia na moyo unanidunda. Nikajikuta nacheka peke yangu. Mume wangu akauliza kulikoni, nikamwambia hakuna kitu. Wewe msomaji nitakwambia, maana yeye ni shabiki wa timu ile ile ya Baba, na nikimwambia hatanyamaza.

Mama yangu, Zuwena, alikuwa mshona kofia. Alishona zile kofia zetu nyeupe zenye vitobo vidogo vidogo, kila kitobo kimezungushiwa uzi kwa mkono, na kofia moja ikimchukua miezi. Watu wa Nizwa na mpaka Ibra kwa kaka yake walimjua kwa mkono wake. Alikuwa mwanamke wa maneno machache. Akikasirika, sindano ndiyo ilikwenda mbio.

Baba naye, Seif, alikuwa mpole. Ofisini walimwita mtu wa subira, na nyumbani hata paka hakumwogopa. Ila mpira wa Uingereza ulikuwa unamtoa akili. Timu yake ilikuwa ile ya fulana nyekundu, aliyoipenda tangu kijana, na kwa miaka mingi ilikuwa haijagusa ubingwa. Kila msimu alisema mwaka huu ndio wenyewe, na kila msimu mwezi wa pili ukifika alikuwa ameshaanza kusema mwakani.

Kiangazi kile timu ilileta kocha mpya, na kocha akasema anasuka kikosi upya. Akamuuza nahodha, ambaye Baba alikuwa akimpenda kama ndugu. Akamuuza mshambuliaji mkongwe. Akamwacha kipa aondoke. Mahali pao akaleta vijana wa miaka kumi na tisa na ishirini, wengine wanatoka timu ambazo hata Baba hakuwahi kuzisikia. Baba alishika simu yake akisoma habari za usajili kama mtu anayesoma tanzia. Kila aliyeondoka alimwombea kheri, na kila aliyekuja alimtazama picha yake na kusema huyu si mtoto wa skuli huyu?

Basi Ijumaa moja baada ya chakula cha mchana walikaa majlisi, chumba chetu cha wageni, Baba na mdogo wake, Ami Nassor, pamoja na jirani yetu Mwalimu Hamed. Mimi nilipeleka kahawa na tende. Ami Nassor alikuwa shabiki wa timu ya fulana za buluu, mahasimu wakubwa wa Baba, na mchana ule alikuwa amemkalia kooni. Alimwambia hongera, mmefungua chekechea, bila shaka kombe ni lenu. Mwalimu Hamed akacheka mpaka kahawa ikamwagika kwenye kanzu. Baba alijaribu kuvumilia. Halafu akasema kwa sauti ya juu, nami bado nimesimama mlangoni na sinia mkononi:

"Watoto hawa wakichukua ubingwa msimu huu, basi Zuwena kaachika."

Kicheko kikakatika. Ami Nassor akaweka kikombe chini taratibu.

"Astaghfirullah," alisema. "Rudisha kauli yako, kaka."

Baba alikuwa kama mtu aliyetupa ufunguo kisimani akausikia unavyodumbukia.

Nieleze kidogo, kwa wale ambao hawakukulia kwetu. Haya ni maradhi ya wanaume wetu. Mtu mzima na ndevu zake anabishana juu ya umri wa mbuzi pale sokoni, au ipi njia fupi ya kwendea Sur, na ghafla anamtia mkewe katikati ya ubishi: mke wangu kaachika kama si hivi nisemavyo. Mke mwenyewe yuko nyumbani anachambua mchele, hana habari. Wengine huropoka hivyo tu na kusahau, na Mwalimu Hamed aliichukulia kauli ile kuwa moja ya hizo, akaisahau kabla hajafika kwake. Baba hakuwa mtu wa kuapa kwa talaka, hata siku moja, na nadhani ndiyo maana hakuweza kusahau.

Kesho yake baada ya alasiri Baba na Ami Nassor wakaenda kwa sheikh mmoja, huko njia ya kupandia Jabal Akhdar, wakanichukua na mimi kwa kisingizio cha aiskrimu. Mimi nilibaki garini. Waliporudi wakaanza kuzungumza Kiswahili. Sisi watoto wa Nizwa tulicheza kwa Kiarabu na kusoma kwa Kiarabu, kwa hiyo wakubwa wakitaka kuficha jambo walisema Kiswahili, kile cha Unguja cha wazee, cha haraka haraka. Walisahau kwamba mimi nililelewa na Bibi, mama yake Baba, Mungu amrehemu, na Bibi hakunitukana wala kunibembeleza kwa lugha nyingine.

"Umemsikia mwenyewe," alisema Ami Nassor. "Mzaha au si mzaha, kauli umeifunga. Sharti likitimia, talaka moja imepita."

"Na lisipotimia, hakuna kitu," alisema Baba.

"Lisipotimia hakuna kitu. Na halitimii, yakhe. Kikosi kile kinataka miaka mitatu."

Hapo wote wawili wakacheka, mara ya kwanza tangu jana yake, na Baba akaninunulia aiskrimu kubwa kuliko niliyoomba. Mimi nilikula lakini sikuisikia ladha. Darasani kwetu kulikuwa na msichana ambaye wazee wake waliachana, akapelekwa Bidiya kwa bibi yake, na mama yake alikuwa akimwona siku za likizo tu. Nilianza kufikiri nani atanisuka nywele.

Sasa, yule kocha kumbe alikuwa anajua anachokifanya. Mechi ya kwanza watoto wale walishinda, Baba akasema bahati. Ya pili wakashinda, akasema wapinzani wabovu. Walikuwa wanakimbia, jamani, wanakimbia kama waliofunguliwa kamba, na wazee wa timu nyingine walibaki wameshika viuno. Mpaka baridi inaingia, timu nyekundu ilikuwa kileleni mwa msimamo na watu wa televisheni hawana habari nyingine ila wao.

Nyumbani kwetu ilikuwa msiba. Simu zilikuwa zinalia kutoka Muscat, Sur na Ibra, jamaa wanampongeza Baba: miaka yote umevumilia, sasa raha imefika. Baba alijibu inshallah, inshallah, kwa sauti ya mtu anayeumwa jino. Timu yake ikifunga goli alinyanyuka nusu, kwa mazoea, halafu akakumbuka na kukaa tena. Ami Nassor, ambaye timu yake ya buluu ndiyo iliyokuwa ya pili, aliacha mzaha kabisa. Alikuja kila Jumamosi, wakakaa kochi moja, ndugu wawili waliotukanana kwa mpira tangu utoto, wakishangilia buluu pamoja. Mwalimu Hamed aliingia siku moja akamkuta Baba amenyanyua mikono juu kwa goli la mahasimu. Alitoka bila kunywa kahawa, na mtaani ikaenea kwamba Seif kabadilisha timu uzeeni.

Mama alikaa nyuma yao na kofia yake. Hakuwahi kuujali mpira, na mimi niliamini hajui lolote. Lakini mwezi wa pili, mechi ikiendelea, akauliza bila kuinua macho:

"Wamebakisha mechi ngapi?"

Baba alisema kumi na mbili. Hakugeuka kumtazama. Tangu siku hiyo Mama akawa anauliza zaidi: nani kaumia goti, nani ana kadi, buluu wanacheza na nani ugenini. Mwezi wa nne aliacha kupokea kofia mpya. Na siku moja niliporudi kutoka skuli nikakuta begi kubwa la safari limeteremshwa kutoka juu ya kabati, limesimamishwa kando ya mlango wa chumba chao. Baba alikuwa akilizunguka kila asubuhi akienda kazini, ubavu ubavu. Mimi niliogopa mpaka nikawa sili, na nilijifunza kuomba dua ambayo siku ya leo naona haya kuiandika, kwamba mshambuliaji wao mpya wa miaka kumi na tisa, aliyekuwa akiwafungia magoli, ateguke mguu. Si sana. Wiki sita tu.

Siku ya mwisho ya ligi nyekundu walikuwa mbele kwa pointi moja. Mechi zote zilianza saa moja jioni kwetu, mara baada ya magharibi. Ami Nassor alifuatilia buluu kwenye simu, na nusu saa haijatimia walikuwa wanaongoza mawili bila. Kwa hiyo jambo zima likabaki pale kwenye televisheni yetu: nyekundu wakishinda, wamechukua ubingwa. Wakitoka sare, wameukosa.

Dakika ya hamsini yule kijana wa miaka kumi na tisa alifunga. Nje nikasikia mtaa mzima unapiga kelele. Ndani, Mama alitia sindano kwenye kofia, akaikunja, akaiweka mapajani, na mikono yake ikakaa tu bila kazi. Sikuwahi kuiona mikono ya Mama imekaa bila kazi. Nikajisogeza mpaka mgongo wangu ukagusa magoti yake.

Sabini. Themanini. Baba alikuwa amesimama karibu na televisheni, midomo inacheza. Dakika ya themanini na sita wapinzani wakapata kona. Kipa kijana, mmoja wa wale Baba aliowaita watoto wa skuli, akatoka kuudaka mpira, akagongana na beki wake mwenyewe, mpira ukamdondoka, ukampiga kisigino jamaa mmoja mrefu wa wapinzani aliyekuwa amelipa goli mgongo, ukaingia wavuni. Si goli zuri. Mimi nimeshatazama mipira mingi tangu hapo na sijaona goli lililonipendeza kama lile.

Ami Nassor alimkumbatia Baba. Baba hakumkumbatia, alikuwa ameikodolea macho saa iliyo pembeni ya skrini. Waliongezewa dakika tano na zilikuwa ndefu kuliko Ramadhani. Mara mbili mpira ulipita mbele ya goli tupu. Mara moja uligonga mwamba, nikasikia Mama nyuma yangu akivuta pumzi. Kisha filimbi ikalia, na buluu kule wameshashinda, watoto wale wakaanguka chini uwanjani wakilia, na Baba akaanguka chini kwenye zulia letu, akasujudu.

Alikaa kwenye sijda muda mrefu. Alipoinuka uso ulikuwa umerowa. Wakati huo huo Mwalimu Hamed akabisha hodi, amekuja kumpa pole. Alimshika mkono akamwambia asivunjike moyo, mwakani watachukua. Baba alisema alhamdulillahi, alhamdulillahi, huku anacheka na kulia, na Mwalimu akanitazama mimi kwa huruma, kama ananiuliza baba yako yuko hivi tangu lini.

Nilipogeuka, Mama alikuwa amekwisha kwenda jikoni. Alipika chai ya maziwa, akakaanga na sambusa zilizokuwa zimehifadhiwa kwa wageni. Nilikula sita. Usingizi wangu wa siku ile sijaupata tena, na asubuhi begi lilikuwa limerudi juu ya kabati.

Msimu uliofuata watoto wale wale walichukua ubingwa, na walikuwa na mechi mkononi. Baba alipiga kelele mpaka sauti ikamkauka, na Mama akamchemshia tangawizi. Hakuapa tena, hata kwa jambo alilokuwa na hakika nalo.

Miaka ikapita. Mimi nikasoma, nikaposwa, na wiki ya nikaha yangu nilikaa na Mama tukipanga nguo. Hapo nikamwambia nilichokisikia mlangoni na garini. Akasema yeye aliisikia kauli ile siku ile ile, dirisha la jikoni lilikuwa wazi. Na begi? Begi lilikuwa tupu, akasema. Alitaka tu Baba alione.

Wakati huo nilikuwa nimekwisha kujifunza nini maana ya talaka moja, kwamba mume anaweza kumrejea mkewe ndani ya eda bila ndoa mpya. Nilimwambia, kwa ujuzi wa mtu aliyesoma, kwamba hofu yetu yote ilikuwa ya bure. Hata wangeshinda, Baba angekurejea usiku ule ule. Neno moja mbele ya Ami Nassor na Mwalimu Hamed, mashahidi wawili, yamekwisha.

"Alijua," alisema Mama. "Sheikh alimwambia tangu siku ya kwanza. Miye nami nilijua."

"Sasa mlikuwa mnaogopa nini?"

Alikunja kanga, akaipiga piga ilale vizuri.

"Angenirejea, na miye ningerejea," alisema. "Lakini ningekaa humu ndani maisha yangu yote mwanamke aliyeachwa kwa ajili ya mpira."

Miaka yote hiyo nilidhani Baba alikuwa akiiogopa sheria, kama mimi. Kumbe sheria ilikuwa imemwachia mlango wazi, na msimu mzima hakuutazama, akakaa pale kochini akiwaombea mahasimu wake.