Ustaz Lado Alipomjibu Mama Achol

Damu ya mbuzi iliyoanza kukauka juani ina harufu yake. Nikiipata leo mlangoni mwa bucha, narudi kambi ya wakimbizi ya Kakuma, mwaka 2013, nina miaka kumi na moja, nimeficha mfuko wa nailoni wenye damu ndani ya gauni. Usinicheke. Nilikuwa mwigizaji.

Mchezo ulikuwa wa Lado, ambaye kambi nzima ilimwita Ustaz kwa heshima, mkimbizi wa Sudan Kusini aliyeigiza jukwaani na kwenye televisheni kule Khartoum miaka ishirini. Watu wa filamu walikuwa wamemwita mjini Lodwar, aanze kazi Jumatatu. Jamani, alivyofurahi! Hata mama yangu, Mkamba mwenye duka la nguo na ulimi mkali, alimpa koti bure.

Jumamosi mchana akacheza kamanda katili kwenye uwanja wa kanisa. Mimi nilikuwa binti wa kuuawa. Alinikaba shingo, panga la mbao likashuka, nikapasua mfuko, damu ikanirukia hadi machoni. Nikaanguka vizuri kabisa, nikisubiri makofi.

Nikasikia ukelele. Mama Achol, muuza chai, alikuwa anakuja mbio, ameinua kigoda alichokalia.

"Wewe! Ni wewe uliua watoto yangu!"

Sote tulijua wanawe waliuawa vitani, Ustaz akiwa mbali, Khartoum. Nikangoja aseme huu ni mchezo tu. Akatupa panga, akapiga magoti.

"Ni mimi, Mama," akasema. "Nisamehe."

Kigoda kikampata tayani. Nilisikia mfupa ukivunjika. Akampiga tena na tena, meno yakadondoka mchangani, naye hakuinua hata mkono kujikinga. Wanaume walipomvuta Mama Achol, aliketi chini akalia kwa sauti. Mama yangu alisema hajawahi kumwona akilia.

Ustaz alifika Lodwar, ndiyo, lakini hospitalini, taya limefungwa kwa waya. Filamu ikapewa mtu mwingine. Hakuigiza tena, maana maneno yalimtoka yamepondeka.

Nilimkasirikia miezi mingi. Nilikuwa nimekariri mchezo mzima, sehemu yake na yangu, na kamanda hakuwa na maneno yale popote. Nikadhani mzee amesahau, amekwama mbele za watu, aibu gani hiyo! Nilikuwa mtu mzima nilipoelewa kwamba hakusahau kitu. Muuaji mwenyewe asingekuja Kakuma kamwe kumjibu mama wa watu, kwa hiyo akajibu yeye.