Viazi Viwili vya Scovia wa Macalder

Saa tano mchana jua limeshachachamaa juu ya kijito kilicho chini ya machimbo ya Macalder, na Scovia Akeyo amepiga magoti penye maji ya kifundo cha mguu. Karai lake ameliweka juu ya mawe mawili, likafika usawa wa kiuno. Analizungusha kwa viganja, mgongo umenyooka. Mchanga mwepesi unatoka na maji, ule mweusi unabaki, na ndani ya mweusi ndimo anamotafuta punje zake za dhahabu.

Wenzake wanne wameinama, matumbo yamejikunja hadi magotini. Mmoja anamtazama na kucheka. Anamwambia anaosha dhahabu kama mtu anayekanda chapati. Scovia anachota mchanga mwingine.

Nafasi ya kuosha kwenye shimo hili ni ya watu watano tu. Ukiipoteza unarudi mlimani kuponda mawe kwa nyundo, kazi ya malipo nusu na vumbi maradufu. Siku njema mwoshaji hupata shilingi mia na hamsini. Mwezi uliopita, Agosti ya mwaka huu wa 1996, nafasi hiyo ilimponyoka Scovia mkononi, na kisa chenyewe ni viazi vitamu viwili.

Ana miaka arobaini na mmoja. Alizaliwa Kisegi, kule ufukoni upande wa Homa Bay, akaolewa Nyatike na Cephas, mkulima wa mahindi yanayotosha kula tu. Hapa mtoni wanamwita Nyar Suba, yaani binti wa Suba, na amelizoea jina hilo kuliko la kanisani.

Shimo ni la Nchagwa, Mkuria wa makamo, mrefu, mkali wa maneno lakini mwenye mkono wa haki kwenye mizani. Nchagwa ana sharti moja alilorithi kwa baba yake: hakuna anayekula kabla mchanga wa siku haujaisha kuoshwa. Eti tumbo likijaa mkono unakuwa mzito, na dhahabu haikai kwenye karai la mtu aliyeshiba. Kwa hiyo watu hushinda na chai ya rangi, kali kama dawa, kuanzia alfajiri hadi saa kumi na moja jioni. Jioni ndipo hulipiza kisasi. Ugali mlima mzima, omena, dagaa wa ziwani, wa nyanya na pilipili, kisha mtu anaanguka kitandani kabla hajanawa vizuri.

Scovia aliishi hivyo miaka kumi. Miaka minne ya mwisho, kifua kikawa kinawaka.

“Ilikuwa inaanza hapa,” anasema, akigusa chembe cha moyo, “inapanda mpaka kwa koo. Nikiinama juu ya karai, maji chungu inanijia mdomoni. Namezea hapo hapo, naendelea kuosha.”

Kiungulia ni jambo dogo ukilisikia kwa mwenzako, jamani. Likiwa lako, ni mateso. Alitafuna udongo wa odowa, ule wanaoutafuna wajawazito. Alikwenda zahanati akapewa vidonge vyeupe vya kutafuna, vikamtuliza wiki moja. Mwishowe akashika njia ambayo wengi hapa huishika: magadi. Yale yale ya kulainishia mboga, kijiko kimoja kwenye kikombe cha maji, asubuhi na jioni. Alikunywa, akacheua, akapoa, na baada ya saa mbili moto ukarudi na ndugu zake.

Mwezi wa Mei alikwenda Suna, mjini Migori, kununua magadi kilo nzima. Mwenye duka ni mama wa Kihindi aitwaye Savita, mzaliwa wa Kisumu, anayeongea Kijaluo kuwashinda baadhi ya Wajaluo. Baba yake alikuwa mtabibu wa Ayurveda, tiba ya jadi ya huko India, na ingawa Savita mwenyewe anauza sukari na vibiriti, hakusahau aliyoyaona jikoni kwa babake. Aliuliza kilo nzima ya magadi ni ya kupikia sherehe gani. Scovia akamwambia ukweli, kwa haya.

Savita hakuuza. Aliyarudisha magadi kwenye gunia, akavuta kiti, akaanza kumhoji kama karani wa mahakama. Anakula saa ngapi? Analala saa ngapi? Kazi yake anaifanya amekaa au ameinama? Scovia anasema hakuna daktari aliyewahi kumuuliza anafanya kazi ameinama vipi.

Kisha Savita akamweleza kwa namna ambayo Scovia ameishika neno kwa neno. Katika tiba ya kwao, tumbo lina moto wa kupika chakula. Moto huo si ugonjwa, bila huo mtu hata akila anabaki na njaa. Huwaka zaidi mchana, jua linapokuwa utosini.

“Wewe mchana moto yako inawaka, sufuria hakuna,” Savita alimwambia. “Usiku imelala, unaletea ugali ya watu wawili. Halafu unakunja tumbo siku mzima. Itapita wapi? Itapanda juu.”

Magadi, alisema, yanauzima moto leo ili kesho uwake kwa hasira. Akamfungia mbegu za dania na shamari kwenye karatasi. Kijiko cha dania kilowekwe kwenye maji usiku, achuje anywe asubuhi. Shamari atafune baada ya kula. Chai ya rangi kwenye tumbo tupu aache, na pilipili, na nyanya kwa wingi. Maziwa lala, yale ya mgando, pia aache, na hapo Scovia alikaribia kulia. Chakula kikubwa kiwe cha mchana: viazi vitamu, malenge, au mchele uliopikwa laini na pojo na samli kidogo. Cha jioni kiwe kidogo, tena mapema, na asilale kabla ya saa tatu kupita tangu ale. Kichwa cha kitanda kiinuliwe kwa matofali. Na karai lipandishwe, mgongo usikunjike.

Kulikuwa na mzizi mmoja, urukususu, ambao Savita alitaka kumpa, lakini aliposikia Scovia ana presha akaurudisha kwenye kopo. Mzizi huo hupandisha presha, alisema. Akamwonya pia kwamba akiona chakula kinamkwama kooni, au anapungua mwili, au anatapika damu, au choo chake kimekuwa cheusi kama lami, asije dukani. Aende hospitali.

Tabibu Walter Makori, anayetibu wachimbaji wengi wa eneo hili, haamini kila kitu cha Ayurveda na hafichi. Lakini kuhusu saa za kula, kulala na kuinama, anakubaliana na mwenye duka moja kwa moja. Anasema hata yeye angemshauri hivyo hivyo, kama angekuwa na nafasi ya kukaa na mgonjwa mmoja nusu saa.

Matofali Scovia aliyapata. Dania aliloweka. Kigingi kilikuwa chakula cha mchana, maana hicho kilikuwa kinyume cha sharti la shimo. Akapiga moyo konde. Kila siku saa sita alijifanya anakwenda haja, akajibanza nyuma ya kichaka na viazi viwili vya kuchemsha vilivyofungwa kwenye leso. Alikula haraka kama mwizi. Hata hivyo, wiki ya tatu akalala usiku mzima bila kuamka kwa mara ya kwanza katika miaka minne. Anasema asubuhi ile alikaa kitandani akalia kwa raha.

Mapema Agosti dhahabu ikaadimika. Siku tano mfululizo mchanga mweusi ulitoka mtupu. Watu walipoanza kunong’onezana, mwoshaji mwenzake, Nyamoita, akasema alichokiona nyuma ya kichaka. Nchagwa hakufoka. Aliliokota karai la Scovia, akaligeuza kifudifudi, na kila mtu akajua maana yake.

Wiki tatu Scovia aliponda mawe mlimani. Cephas alimsihi aombe radhi, aache hivyo viazi, kwani kiungulia hakijaua mtu. Scovia anakiri aliyumba. Jioni moja alishika kikombe cha magadi mkononi. Akakimwaga.

Kisha, Jumamosi moja saa kumi na moja jioni, Nchagwa akaja nyumbani kwake. Alikaribishwa, akapewa maji, akazungumzia mvua, akazungumzia ng’ombe, akarudi kwenye mvua. Scovia alikuwa na hasira naye bado, akamwacha azunguke. Mwishowe mzee akauliza, akiangalia mlango, ni kitu gani hasa yule Mhindi alimpa.

Mzee naye alikuwa na kiungulia, mwaka wa sita huu. Analala ameketi kwenye kiti. Mkewe anajua, mwingine hajui, kwa sababu mwenye shimo hawezi kulalamikia njaa ambayo yeye mwenyewe amewaamuru watu waivumilie. Scovia anasema hasira yote ilimtoka palepale, akabaki na huruma tu.

Alimweleza yote, toka dania hadi matofali. Nchagwa akashukuru. Akamwambia arudi mtoni Jumatatu, ila aendelee kula mahali watu hawamwoni.

“Nilimwambia, mzee, nimejificha na ugonjwa miaka nne,” anasema Scovia. “Sitajificha na dawa.”

Nchagwa aliinuka akaondoka. Jumatatu Scovia alikwenda na kikapu chake, moyo ukimdunda. Saa sita aliketi juu ya jiwe, wazi kabisa, akafungua leso. Makarai yote yakasimama. Nchagwa akateremka kutoka shimoni, akaja hadi mbele yake, akanyoosha mkono, akachukua kiazi kimoja. Akakila mbele ya watu wote, polepole, mpaka kikaisha. Dhahabu ya siku hiyo haikupungua wala kuongezeka.

Tangu siku hiyo watu wa shimo hili hula saa sita. Nyamoita ndiye anayekoka moto. Scovia hakumwekea kinyongo, ingawa anamtania kwamba macho yake makali angeyatumia kwenye mchanga.

Lakini hapo kwenye jiwe Scovia aliona jambo jingine. Nchagwa alikimeza kiazi kile kwa taabu, kila tonge likisukumwa na maji, na shati likimning’inia mabegani. Alimuuliza faraghani. Mzee akakubali kwamba chakula kinamkwama tangu mwezi wa Aprili. Scovia akampeleka Suna siku iliyofuata. Savita alimsikiliza kidogo tu, akakataa hata kumfungia dania. Tabibu Makori naye alipompima akaandika barua ya kumpeleka hospitali Homa Bay.

Nchagwa alisema ataenda baada ya mavuno. Kisha akasema baada ya Krismasi. Scovia akasema Alhamisi hii, na kwamba atakwenda naye mwenyewe, kwa sababu Homa Bay ni kwao na anaijua njia. Wenzake watamwoshea sehemu yake ya mchanga.

Amemaliza karai la mwisho kabla ya chakula. Anainuka, anakung’uta maji kwenye magoti, na kwa mara ya kwanza leo hatabasamu. Anasema anaogopa. Angependa mzee angekitaja kiungulia chake mapema, wakalicheka lile sharti pamoja, wakala.

“Mimi nataka tu arudi,” anasema. “Arudi atugombeze. Hata anifukuze tena, sawa tu.”