Feni ya Lusungu na Saa Moja ya Ijumaa

Pale mji wa Mpemba, jirani na Tunduma, ukimuulizia Lusungu, watu watakukodolea macho tu. Muulizie Sembe, hata mtoto wa chekechea atakupeleka mpaka mlangoni. Na jina hilo hakupewa kwa weupe wa ngozi, msijidanganye. Kuna mama mmoja, Rozi, alikuwa mgeni mtaani, kahamia juzijuzi kutoka Ivuna. Asubuhi kapita nje ya chumba cha Lusungu, kasikia ngurumo ndani, vuuuuu, haikatiki. Karudi kwake, kajitwisha debe la mahindi, kaja kulitua mlangoni.

"Hodi! Mnakoboa pia au mnasaga tu?"

Mle ndani hakukuwa na mashine ya kusaga. Kulikuwa na kompyuta moja, ile ya keisi kubwa ya kusimama, na feni ya nyuma ya keisi ndiyo iliyokuwa inapiga kelele hivyo. Lusungu alijieleza weee, lakini wauza chipsi wa ng'ambo ya barabara walishasikia, na wale ukiwapa kitu ni sawa na kukirusha status. Mpaka jioni alikuwa Sembe. Jumapili yake hata mzee wa kanisa akamwambia, "Sembe, Bwana asifiwe," halafu akajiziba mdomo.

Mtu ana miaka ishirini na saba, hajaolewa, anaitwa unga. Wiki ya kwanza alicheka na wenzake. Baadaye akachoka, akawa anaitika tu.

Sasa kazi yake. Zile spika za madukani Tunduma zinazopiga kelele kutwa, nusu yake ni sauti ya Lusungu. Mfanyabiashara anampa bidhaa na bei, yeye anashika maiki, anaimwaga kwa Kiswahili, halafu anawageukia Wazambia kwa Kibemba, "Iseni mushite!", njooni mnunue. Kibemba alikipata kwa bibi yake, Nakonde, ng'ambo ya mpaka. Akimaliza anasafisha sauti kwenye kompyuta, anaweka kwenye flashi, kazi imekwisha.

Ila mtaa anaorekodia nao umejaa spika hizo hizo. Dada wa watu anashindana kelele na yeye mwenyewe. Nafasi aliyobakiwa nayo ni Ijumaa mchana, wenye maduka wengi wanapokwenda msikitini na kuzima spika. Malori ya foleni ya mpaka nayo yanakuwa yamezima injini, madereva wanakula. Muda wa saa moja hivi tu. Kazi ya wiki nzima inabanwa humo humo, na katika ukimya ule wote kinabaki kitu kimoja kinachonguruma. Mnakijua.

Jumatatu moja akaja Salum, muuza mablanketi wa jumla, mtu ambaye maduka yote ya mstari wake yanamwiga mpaka rangi ya mlango.

"Dada Lusu, hili tangazo ulirekodia ndani ya Fuso?"

"Ni feni, kaka Salum."

"Nimevumilia mno. Wateja wananiuliza nauza mablanketi au majenereta. Ijumaa nikitoka kuswali nakuja hapa hapa, nasikiliza mwenyewe. Ikinguruma tena, kuna kijana yuko Mlowo, nampa yeye kazi. Usinichukie."

Hakumchukia. Alihesabu tu kichwani: Salum akiondoka, mstari mzima unaondoka, na yeye anarudi shambani kwa mama yake kupalilia kahawa.

Msifikiri alikuwa amekaa tu. Ijumaa iliyopita aliifunika kompyuta kwa makoti mawili ya baridi. Kelele ikapungua, akajiona mjanja. Dakika ya kumi mashine ikazimika yenyewe kwa joto, ikaondoka na matangazo ya watu wanne. Mnaocheka hapo, najua na nyie mmewahi. Akashusha programu za kupunguza mwendo wa feni, moja baada ya nyingine. Kila moja ilimwandikia sifuri, kana kwamba feni haipo, na huku feni inamngurumia sikioni.

Alhamisi akaipakia kwenye bodaboda, akaikumbatia mpaka kwa fundi Yonasi, rafiki yake tangu sekondari.

"Sembe wa taifa! Umeniletea kilo ngapi?"

"Yonasi, leo sina nguvu za kukujibu."

Jamaa akamwangalia vizuri, akaacha utani. Akafungua keisi. Vumbi lile lilitosha kukandika ukuta. Akalipuliza kwa bloa mpaka wote wawili wakawa wekundu, wakawasha. Vuuuuu.

"Programu zote zinasema feni haipo," Lusungu akasema.

Yonasi akaufuata waya wa feni kwa kidole. Ulipita pembeni ya mazabodi, ule ubao mkubwa unaotoa amri zote, ukaenda kuchomekwa moja kwa moja kwenye pawa saplai, kile kisanduku kinachogawa umeme. Kwa hiyo feni ilikuwa inakula umeme wote saa zote, na hakuna wa kuiambia ipunguze.

"Mpumbavu gani aliunga hivi?" Lusungu akauliza.

Yonasi akaanza kuifuta bisibisi iliyokuwa safi.

"Yonasi?"

"Si unakumbuka ile feni ya kwanza iliungua? Nikasema hii niiunge moja kwa moja, izunguke kwa nguvu zote, mashine isichemke tena. Nilikuwa nakusaidia, dada."

"Miaka miwili, Yonasi! Na wewe ndiye unayeniita lile jina kuliko wote!"

Alitaka kugomba. Aliitafuta hasira kila mahali, akakuta usingizi tu. Akavuta stuli, akakaa.

Yonasi akachomoa waya, akauchomeka kwenye pini za feni za mazabodi, akawasha. Bado vuuuuu. Lusungu akalaza kichwa mezani.

"Subiri, usilie kwanza. Feni yako ni ya nyaya tatu, humu kwenye mazabodi wameseti ya nyaya nne, kwa hiyo amri haiifikii." Akazima, akawasha huku anabonyeza Delete, akaingia kwenye ule ukurasa wa mipangilio unaotokea kabla ya Windows. Akachagua feni ipunguzwe kwa volti. Ngurumo ikashuka, ikashuka, ikawa kama mtu anapumua chumba cha pili.

"Chini ya nyuzi hamsini za joto itatembea taratibu. Ikifika sitini na tano itaongeza. Sabini na tano, yote. Usije ukaizima kabisa, utaipika. Na vumbi upulize kila mwezi."

Lusungu akainamisha sikio kwenye keisi. Alikuwa anasikiliza.

Ijumaa, spika zilipozimwa, akaketi na maiki. Akarekodi la Salum mara tatu, halafu akavaa hedifoni kusikiliza. Nyuma ya sauti hakukuwa na kitu. Ndipo akaisikia sauti yenyewe. Nzito, inajikokota, hata "Iseni mushite" ilitoka kama mtu anaomba maji wodini. Kumbe alikuwa amechoka kiasi hicho, na kelele ilikuwa inamfichia.

Kabla hajarudia, Salum akaingia, kofia kichwani, mswala begani. Akachukua hedifoni, akafumba macho.

"Kelele imeisha."

"Imeisha."

"Ila mbona unatangaza kama kuna msiba?"

"Kaka Salum, ndiyo sauti niliyobaki nayo."

Akasikiliza tena mpaka mwisho. Nje spika ya kwanza ikawaka.

"Iache hivyo hivyo," akasema. "Mtu akikusikia anatamani kulala. Na mimi nauza mablanketi."

Akachukua flashi yake, akamwambia Ijumaa ijayo ana mashuka pia, akaondoka. Lusungu akafunga mlango, akajilaza sakafuni pembeni ya kompyuta, na mtaa ukiwa unapiga kelele zake zote akalala mpaka jioni.

Haya, zamu yenu. Kitu gani kilikupigia kelele muda mrefu, na kilipotulia ukagundua nini? Tuandikieni hapo chini, na msituletee za kuigiza.