Siku Niliyokuta Turubai la Msiba Wangu

Jamani, aibu hii nawasimulia kwa kuwa mtaa mzima wa Kikuyu unaijua, bora muisikie kwangu mwenyewe kuliko kwa jirani yangu Mama Zawadi, ambaye kila akiisimulia anaongeza chumvi.

Tangu mama Neema atangulie mbele ya haki, nyumba yangu imekuwa kimya mno, hata kijiko kikianguka nashtuka. Neema, binti yangu aliyeolewa Singida, hupiga simu mara moja moja, na swali lake ni lile lile, "Baba, mbona kimya hivyo? Uko peke yako?" Nachukia swali hilo. Basi Jumapili ile baada ya ibada nikaona nisirudi nyumbani, nikaingia kibanda cha video (mzee mzima, mvi kichwani, nimebanana na vijana kwenye benchi), na filamu yenyewe ilikuwa imetafsiriwa, yaani kuna jamaa kaingiza sauti yake ya Kiswahili anasimulia kila kitu, tena kwa mbwembwe.

Ilimhusu jambazi mmoja wa msituni aliyevuma enzi zake kwa kuwapora matajiri na kuwagawia maskini. Lakini sasa kazeeka, magoti hayapandi kilima, wenzake wamekufa, na wale aliowalisha wanapishana naye njiani bila salamu. Vijana walikuwa wanapiga kelele, "Steringi hafi!", yaani shujaa wa filamu hafi. Mimi kimoyomoyo nilikuwa nasema huyu ndiye mimi kabisa, ila mimi sikupora mtu. Mzee akaugua, akajilaza kwenye kibanda chake, na machozi yakaanza kunitoka, sikuficha hata kidogo.

Hapo simu ikaita. Neema!

Ningeiacha tu iite. Lakini nikasema leo ndiyo leo, acha asikie kwamba baba yake yuko na watu. Nikapokea, na kwa kuwa kwikwi ilinikaba nisiweze kusema hata "haloo", nikainyanyua simu juu apate zile kelele. Loo! Kibanda kizima kilikuwa kimenyamaza, na yule mtafsiri akanguruma, "Na hapo ndipo mzee wetu alipokata roho, peke yake, hakuna hata mtoto mmoja wa kumfumba macho!" Kijana mmoja nyuma akapiga ukunga wa mzaha, simu ikaisha chaji, ikazima.

Mimi wala sikuwaza baya. Nikaenda kunywa chai mjini, nikaivuta mpaka jua likapoa.

Kufika nyumbani, turubai. Viti vimepangwa, kina mama wamejifunga kanga viunoni, sufuria liko jikoni, na mzee mmoja wa kanisani (hajanitembelea tangu tumzike mke wangu) anawaambia wenzake kwamba marehemu alikuwa mtu wa watu. Nikasimama pale nikijiuliza ni watu gani hao. Mama Zawadi akageuka, akaniona, mwiko ukamtoka mkononi, akakimbilia kwa jirani huku akilitaja jina la Yesu.

Mwenyekiti wa mtaa ndiye aliyejikaza. "Baba Neema, shikamoo. Sasa umekufa au hujafa? Maana turubai limeshafungwa."

"Marahaba. Sijafa," nikasema, na nikajikuta naomba radhi.

Walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Chakula kilikuwa kimeiva, wakala, wakanitania, na jamani, sitawaficha, nilifurahi, nilikuwa nazunguka kuwanawisha watu mikono kama mwenye harusi. Kisha wakafungua turubai, wakabeba viti vyao, mmoja mmoja wakaaga.

Mama Zawadi, ambaye kumbe ndiye Neema alimpigia akilia kwamba nimekufa, naye akautangazia mtaa, alikuwa amesharudi, akanipa simu yake. Neema alipoisikia sauti yangu alilia sana. Kumbe walikuwa njiani, yeye na kaka zake wote wawili na wajukuu ambao wengine nawajua kwa picha tu, wamekodi gari, wameshafika Manyoni. Nikaanza kupiga hesabu nani atalala chumba gani.

"Mungu ni mwema, baba, kumbe u mzima!" akasema. "Basi ngoja tugeuzie hapa hapa Manyoni, watoto wana shule kesho. Tutakuja siku nyingine."

Nikamwambia haya, mwanangu, safari njema.

Kibandani nimeapa sirudi tena. Na nimeapa jingine pia: siku wanangu wakisikia tena kwamba nimekufa, sifungui mdomo mpaka wafike mlangoni.